Mguu wa Mpira au Upinde wa Kaboni?
Timu ya wanafunzi inayobuni mguu bandia wa michezo lazima ichague msingi mapema. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968, ni wa mpira na mbao: unachuchumaa nao, unatembea peku, unapita matopeni. Kwenye mbio haurudishi nguvu nyingi.

Upinde wa kaboni, yaani bamba lililopinda la nyuzi za kaboni, uliotokana na kazi ya Mmarekani Van Phillips, aliyepoteza mguu mwaka 1976, hujikunja mkimbiaji anapokanyaga, kisha humsukuma mbele. Lakini hauna kisigino, hivyo kusimama tuli juu yake ni shida.

Kwa mbio ningechukua kaboni bila kusita. Ila muda mwingi uende kwenye soketi, yaani kikombe kinachoshika kigutu: ikikichubua, mwanariadha ataivua kabla mazoezi hayajaisha.