Bastola haikuwa imekufa: TV bapa ya Digo Road na TV ya mgongo ya Majengo

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hivyo naandika nayo.

Siku chache kabla ya Ramadhani nilinunua TV bapa ya inchi 43 kwenye duka moja karibu na Digo Road, hapa Mombasa. Sikuifuata kwa taarifa ya habari wala kwa mpira. Tangu nilipoingia nilimwambia kijana wa dukani wazi: nataka TV ya kuchezea gemu ya zamani, ile ya kaseti, yenye bastola. Akanijibu, "Ami, TV ni TV. Ukichomeka inawaka, basi." Nikamuuliza kama naweza kuja na mashine yangu tuijaribu kabla sijalipa. Akasema dukani kwao si mahali pa michezo. Hapo ndipo ningeaga niende zangu. Nikalipa.

Mashine yenyewe alituletea baba miaka ya tisini, wakati akisafiri na meli. Si Nintendo halisi, ni mwigo wake, ile iliyojaa majumbani ikiitwa TV game. Lakini michezo ni ile ile iliyotoka Japani: Super Mario Bros. ya 1985, ambamo Mario anaruka mashimo, na Duck Hunt ya 1984, ambayo ndiyo ya bastola. Mbwa ananusa majani, bata anaruka, unalenga, unafyatua. Marehemu kaka yangu alikuwa hakosi. Alikaa chini kwenye mkeka, jicho moja kafumba, na sisi wengine nyuma yake tunahesabu. Bastola imebaki na alama ya meno yake kwenye kitako. Sasa dada yangu ana mtoto wa miaka tisa, na nilitaka ashike bastola ile ile aliyoishika mjomba wake.

Nyumbani matatizo yakaanza na waya. TV ina tundu moja dogo la AV, la kuingizia picha na sauti, kama la spika za masikioni, na waya wake haumo boksini. Nikaenda kuununua. Nikachomeka, Mario akatokea kanenepa kwa sababu picha imevutwa ijaze upana wote. Hilo nililirekebisha kwa rimoti, nikaiweka 4 kwa 3, umbo la TV za zamani. Kisha nikaanza kucheza, na Mario akawa ananisikia kwa kuchelewa. Nabonyeza aruke, anaruka wakati ashaingia shimoni. Mpwa wangu akaweka simu kwenye kurekodi mwendo wa polepole, kidole changu na skrini pamoja, tukahesabu picha moja moja. Kutoka kubonyeza hadi Mario kunyanyua mguu zilipita zaidi ya thelathini, na simu hiyo hupiga picha 240 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya moja ya nane ya sekunde. Kwenye gemu kama hii huo ndio urefu wa shimo.

Bastola nayo haikupata bata hata mmoja. Mtoto alisogea mpaka mdomo wa bastola ukagusa kioo, akafyatua, bata akapita juu ya pua yake. Akaniangalia. "Mjomba, imeharibika?" Sikuwa na jibu.

Basi nikabeba TV, mashine na bastola, nikapanda tuktuk hadi dukani. Duka limejaa, watu wananunua vitu vya sikukuu. Kijana yule akachomeka mashine kwa ncha za vidole kama anashika kitu kichafu, akaiinua bastola, akaielekeza kwenye TV akiwa hata haangalii, akafyatua mara mbili. Kisha akageukia wateja, si mimi, wateja, akasema kwa sauti: "TV haina kosa. Bastola imekufa, na ami vidole vyake vishachoka." Watu wakacheka. Akaitupa bastola juu ya kaunta. Nasema akaitupa, sisemi akaiweka. Nilisikia plastiki ikigonga kioo cha kaunta mpaka leo nikikaa kimya naisikia. Nikamwonyesha video ya simu, akasema ana wateja. Nikamwendea mwenye duka, naye akaninyooshea kibao ukutani: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Mtu mzima mwenzangu, hata "pole" hakusema.

Aliyenieleza ukweli ni fundi mmoja wa Majengo, mzee mwenye kibanda kilichojaa TV za mgongo, zile nene za zamani, hadi mlangoni, nyingi zikiwa zimetupwa na wenyewe tangu matangazo ya analogi yalipozimwa Kenya mwaka 2015. Nilimwambia tu "bata hawafi", akacheka, lakini cheko la kheri. Akaniambia niketi.

Alinieleza hivi. TV ya mgongo haingoji. Umeme wa picha ukiingia, inachora mstari kwa mstari papo hapo kwenye kioo. TV bapa hupokea picha, ikaiweka, ikaikuza ienee kwenye skrini yake, ndipo ikaionyesha. Gemu hizi hutoa mistari kama 240 tu, na TV bapa nyingi hudhani hiyo ni nusu ya picha ya kawaida, zikahangaika kuiunganisha na nusu nyingine ambayo haipo. Muda wote huo wewe ushabonyeza. Na bastola? Ukifyatua, gemu hugeuza skrini nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha huweka kisanduku cheupe pale alipo bata. Ndani ya mdomo wa bastola mna jicho la mwanga. Jicho likiona giza halafu weupe kwa wakati ule ule gemu inaoutarajia, bata anaanguka. Weupe ukichelewa, umekosa, hata ukiligusa bawa. Kwa hivyo kwenye ile TV yao bastola yoyote ya aina hii ingeonekana imekufa. Hata angeishika marehemu.

Alinitolea TV ya inchi 21, akaiwasha. Pembeni ya kioo palikuwa na doa la zambarau. Akasema ilikaa karibu na spika kubwa, sumaku yake imeivuruga. Akachukua duara la waya wa shaba lililozungushiwa utepe, akalichomeka umeme, akaanza kulizungusha mbele ya kioo polepole. Rangi zote zikawa zinakimbizana kama mafuta juu ya maji. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, huku bado anazungusha, akazima. Doa halipo. Nilitamani kumbusu mkono.

Nilimlipa elfu moja na mia tano. Alinionya nisiifungue nyuma hata ikiwa imechomolewa, maana ndani hubaki umeme wa kuua mtu, na nisiiweke dirishani upande wa bahari, kwa kuwa hewa ya chumvi na unyevu huzifanya TV hizi zilie "chiii" nyuma na kurusha cheche. Uzito wake si wa mtu mmoja. Tulisaidiana wawili hadi kwenye mkokoteni. Na ina kafilimbi kembamba ikiwa inawaka. Mimi siisikii, mtoto anaisikia. Fundi alisema ni kawaida, masikio ya utu uzima huachana na sauti za juu kiasi hicho.

Jioni ile, risasi ya kwanza, bata chini. Mtoto alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema TV bapa ni mbaya, msinunue. Siwezi. Mama anaitazama sasa chumbani kwake na picha yake ni safi kuliko yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Tena mtoto wa jirani amenionyesha kwamba ukiingia kwenye mipangilio ya picha kuna sehemu ya gemu, inayopunguza kuchelewa. Tulipoiwasha, Mario alianza kusikia. Si kama kwenye ya mgongo, lakini anasikia. Kwa mtu asiye na bastola, pengine hiyo inatosha, na pesa yangu haikupotea yote.

Lakini tazameni maana yake. Rimoti ilikuwa mkononi mwa yule kijana siku ile. Kama si siku ya kununua, basi siku niliyorudi. Kubonyeza mara tatu nne tu. Hakujua? Na kama hakujua, kwa nini alisema? Kwa nini alisema kuhusu vidole vyangu mbele ya watu, na mtoto amesimama pembeni yangu ameshika mfuko wa kaseti? Kwa hilo, jema nililolisema hapo juu ni la TV, si la duka lile. TV ni nzuri. Duka msiende.

Mkitaka ya mgongo, fanyeni haraka. Fundi anasema watu wa vyuma chakavu wanazivunja shingo kuchukua shaba, na akiba yake inapungua. Nendeni na mashine yenu, ichomekeni, chezeni mbele ya muuzaji. Akikataa, ondokeni.

Pesa yangu sitaki irudi. Nataka kijana yule, duka likiwa limejaa vile vile, aseme kwa sauti ile ile kwamba bastola haikuwa imekufa.