Uzoefu wangu: ORS na zinki za boksi moja kwa mtoto anayeharisha

Niseme mapema ili watu wasiilaumu dawa bure: ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, haifungi choo. Mtoto mwenye rotavirusi (kirusi kinacholeta kuharisha) anaweza kuendelea kuharisha siku nne, tano, hata wiki, huku anainywa vizuri kabisa. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazotoka. Kwa hiyo usiipime kwa choo, ipime kwa mkojo, machozi na ulimi. Choo kikiwa maji matupu, pampasi haikuambii kitu kuhusu mkojo. Hapo mguse ulimi uone kama una unyevu, na umtazame akilia kama machozi yanatoka.

Boksi nililotumia lina pakiti 2 za ORS za gramu 20.5 na vidonge 10 vya zinki vya miligramu 20. Pakiti moja ni ya lita 1, basi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chupa ya maji ya dukani mara nyingi ni lita 1 na nusu, na ukiijaza yote dawa inakuwa hafifu. Ukipima vikombe vya chai kwa macho, inaweza kuzidi ukali, na sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mimi napima kwa chupa ya nusu lita, mara mbili. Chemsha maji, yaache yapoe, ndipo umimine unga wote. Ukishachanganya usichemshe tena. Kugawa unga nusu kwa nusu sikushauri, kwa sababu huwezi kujua chumvi imeangukia upande gani. Soma pakiti pia, maana zipo ndogo za mililita 200, hasa zile zenye ladha ya chungwa.

Usiongeze sukari ili mtoto aipende. Glukosi (sukari) iliyomo imepimwa ili isaidie sodiamu kupenya ukuta wa utumbo, na maji yafuate. Sukari ikizidi, inavuta maji kurudi kwenye utumbo na mtoto anaharisha zaidi. Soda na juisi ya boksi vina tatizo hilohilo.

Kipimo: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kuanzia miaka 2, mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10 kisha rudi na kijiko kimoja kimoja kila dakika mbili au tatu. Chupa ya kunyonyea ndiyo inayoponza: mtoto ana kiu, anagugumia, anatapika vyote, halafu mama anasema "dawa imemkataa". Ziwa liendelee kama kawaida. Kilichobaki baada ya saa 24, mwaga.

Zinki ni kidonge 1 kwa siku, nusu kwa mtoto wa chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14. Kiweke kwenye kijiko cha chai chenye maji safi au maziwa ya mama, kitayeyuka chini ya dakika moja. Kina ladha ya chuma, na watoto wengine wanakitema. Wazazi wengi huacha siku ya tatu choo kikishakaza, na faida ya kumkinga asiharishe tena miezi inayofuata inapotea.

Muuza duka akikuongezea Flagyl (dawa ya kuua bakteria na amiba), muulize ya nini. Kirusi hakifi kwa dawa hiyo. Nawa mikono kwa sabuni kila ukibadilisha pampasi, la sivyo kesho ni zamu ya mdogo wake.

Boksi hili si la mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye damu kwenye choo, au ambaye ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Huyo anapelekwa hospitali sasa hivi, huku akipewa vijiko njiani kama anaweza kumeza.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu maelezo yako kwa Kiingereza, tena kwa herufi za kutafutia miwani, na vidonge ni 10 tu. Ukiambiwa siku 14 unanunua boksi la pili.