Slagi ya mifuko: nyota nne, ila toeni kwanza ile nyeusi

Niko kwenye tanuru la ledo, ile ndoo kubwa tunamosafishia chuma kilichoyeyuka, kiwanda kidogo huku pwani. Zamani slagi, yaani tabaka la madini linaloelea juu ya chuma na kunyonya uchafu, tuliipika wenyewe: chokaa, floraspa (madini ya floraidi) ya kuilainisha, na kipimo ni koleo. Halafu msambazaji mmoja akatuletea kalsiamu aluminati, imeshayeyushwa huko itokako na kupondwa, mifuko ya kilo 25. Mfuko umeandikwa chokaa kama asilimia 50, alumina (oksidi ya alumini) 40 na kitu. Nimeshaitumia vya kutosha kuisema.

Sifa yake kubwa ni kuyeyuka. Chokaa tupu inataka zaidi ya nyuzi 2,500, na chuma chetu kiko kama 1,600, kwa hiyo mabonge yanaelea tu juu. Hii inayeyuka karibu na 1,400. Washa elektrodi za umeme, muda si mrefu uso mzima ni maji. Na slagi ikiwa maji ndipo inapomeza vile vijichembe vya alumina vinavyozaliwa tukitia alumini ya kuondoa oksijeni. Vikibaki chumani vinajibandika kwenye nozeli, tundu la kumiminia chuma, mpaka izibe, kisha kila mtu anatafuta wa kulaumiwa. Salfa nayo inashuka vizuri. Tena haivuti unyevu kama chokaa yetu, ambayo kwa hewa hii ya bahari ukiiacha wazi inakunywa maji na kuingiza haidrojeni kwenye chuma.

Sasa muuzaji: eti mwaga mifuko, kazi imekwisha. Wapi! Ile nyeusi, yaani slagi ya tanuru la kuyeyushia, ikifuatana na chuma hadi kwenye ledo, inakuja na oksidi ya chuma tele, na hiyo inakilisha chuma oksijeni mfululizo. Alumini yako yote inageuka alumina mpya. Sisi tunachovya fimbo na kutazama ganda la slagi linaloishika: likiwa jeusi, bado, likiwa jeupe au la manjano hafifu, endelea. Oksidi ya chuma na ya manganizi kwa pamoja tunataka zisifike asilimia 2. Usiku ambao wa tanuruni wameachia slagi nyingi ipite, mifuko hii ni hela ya kutupa. Na mwishoni agoni, gesi ya kukoroga chuma, iwe ya polepole, maana jicho la chuma (pale slagi inapoachana na chuma kubaki wazi) likifunguka hewa inachafua upya.

Jambo jingine ambalo hakulitaja: haina magnesia (oksidi ya magnesi) ya maana, kwa hiyo inaitafuta kwenye matofali ya ledo, yenye magnesia, na kuyala. Tunaongeza dolomaiti iliyochomwa, jiwe lenye chokaa na magnesia, mpaka magnesia ifike kama asilimia 8, na matofali yanapona.

Nyota niliyoikata ni ya vumbi. Chini ya mfuko ni unga mtupu, nusu yake inaondoka na kifyonza moshi, na bei yenyewe ni kubwa kuliko ya chokaa. Lakini floraspa, yenye moshi unaokereketa, tumeipunguza sana, na koo linashukuru.

Wanaotengeneza nondo za chuma kinachoondolewa oksijeni kwa silikoni na manganizi bila alumini, msinunue. Alumina hamuihitaji, chokaa na silika zinawatosha.