Orodha za ubora wa vyuo: zinafaa wapi, zinakwama wapi

Nimezitumia orodha tatu kubwa, QS, Times Higher Education na ile ya Shanghai, kulinganisha vyuo vya shahada ya kwanza. Kwa kazi hiyo nazipa nyota tatu kati ya tano. Kuzisoma ni bure na unaweza kuchuja kwa somo au nchi, ila zinachopima sicho wanachodhani waombaji wengi.

Chukua QS: asilimia 30 ya alama ni maoni ya wanataaluma, 15 nyingine maoni ya waajiri. Karibu nusu, basi, ni sifa tu, na sifa huchelewa kufuata ukweli. Idara ikikimbiwa na wahadhiri wake wazuri, jina huendelea kung'ara miaka mingi. Ya Shanghai, iliyoanza 2003, haiulizi maoni ya mtu, lakini asilimia 30 yake hutokana na tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo ya hisabati) walizopata wahitimu na wanataaluma wa chuo. Tuzo hizo hazikuambii kama darasa la mwaka wa kwanza lina watu 40 au 600. Halafu kuna takwimu ambazo vyuo vyenyewe huwatumia watunga orodha: mwaka 2022 Columbia, chuo kikuu cha Marekani, ilishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 katika orodha ya vyuo vya Marekani ya U.S. News, baada ya profesa wake wa hisabati kuzihoji takwimu ilizotuma.

Kwa hiyo nafungua jedwali la somo husika, la jumla naliacha. Tofauti ya nafasi chache siijali, hasa chini ya orodha ambako alama hubanana. Ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa kozi, ndiyo siiachii orodha yoyote: kwa uuguzi, uhandisi au sheria, jina la kozi litafute kwenye daftari la mamlaka ya elimu ya juu na bodi ya taaluma, si kwenye tovuti ya chuo. Kozi isiyotambuliwa inaweza kukunyima leseni hata ukifaulu vizuri.

Mazingira ya kampasi, orodha hazikuonyeshi kabisa. Nenda siku ya kazi katikati ya muhula. Siku ya kukaribisha wageni kila kitu kimepakwa rangi. Tembea kutoka bwenini hadi ukumbi wa mhadhara ulio mbali zaidi, ukipima dakika, kisha rudia njia hiyohiyo giza likiingia uone taa. Pima kasi ya intaneti bwenini saa 2 usiku, kwa sababu asubuhi wanafunzi wako madarasani na mtandao hauna mzigo. Uliza maktaba hufungwa saa ngapi wakati wa mitihani, na kama nafasi ya bweni ni ya miaka yote. Vyuo vingi hutanguliza mwaka wa kwanza, wengine wakapange nje. Hapo kodi ndogo ya chumba cha mbali ijumlishe na nauli ya mwezi mzima kabla ya kuiita nafuu.

Usipoweza kusafiri, ramani ya setilaiti inatosha kupima umbali. Angalia tu tarehe ya picha.