Mwongozo wa sauti wa maisha ya Lady Jane Grey: shoka limepewa nafasi kuliko vitabu

Nilinunua mwongozo wa sauti wa kusikilizwa kwa simu unaofuata nyayo za Lady Jane Grey, msichana aliyekuwa malkia wa Uingereza kwa siku tisa, nikautumia siku mbili: ya kwanza katika magofu ya Bradgate, Leicestershire, nyumba ya matofali alikokulia, na ya pili katika Mnara wa London, ngome iliyokuwa pia gereza, alikokatwa kichwa tarehe 12 Februari 1554.

Sehemu ya Bradgate peke yake ilitosha kunifanya nisijutie fedha zangu. Msimulizi, mwenye sauti tulivu, anaeleza jinsi msomi Roger Ascham alivyopita hapo mwaka 1550 akakuta jamaa wote wamekwenda kuwinda, isipokuwa binti huyo, aliyebaki chumbani akisoma Phaedo, kitabu cha mwanafalsafa Plato, tena kwa Kigiriki. Alipoulizwa kwa nini hakufuatana nao, alijibu kwamba raha yao yote ya mawindo ni kivuli tu cha raha aliyoipata kwa Plato. (Kulungu wangalipo katika hifadhi ile, na wawili walinikatia njia nikiwa bado nasikiliza.) Mwongozo haufichi pia kilichomsukuma vitabuni: wazazi wake walimkaripia na kumfinya kwa kila kosa dogo, ilhali mwalimu wake, John Aylmer, alimfundisha kwa upole, hata saa ya somo ikawa ndiyo nafuu yake.

Katika Mnara, mtayarishaji amepoteza kipimo. Siku tisa za utawala, tangu Jane alipotangazwa malkia tarehe 10 Julai 1553 hadi jamaa yake Mary Tudor alipotangazwa malkia badala yake tarehe 19, zimejazwa ngoma na vilio, na shoka limepewa dakika nyingi kuliko elimu yake yote. Barua zake za Kilatini kwa mchungaji Heinrich Bullinger wa Zurich zimepata sentensi moja. Kiebrania alichoanza kujifunza hakikutajwa kabisa. Lililoniudhi zaidi ni hili: Phaedo husimulia saa za mwisho za Socrates, mwalimu wa Plato, aliyesubiri sumu gerezani huku akijadili kwa utulivu kama roho hufa, na msomaji wake wa Bradgate, kabla hata ya miaka minne kutimia, alikuwa naye mfungwa anayesubiri kifo, akimwandikia mdogo wake Katherine maneno ya kumuaga ndani ya Agano Jipya la Kigiriki. Visa vyote viwili vimo katika mwongozo, lakini hakuna aliyeona kwamba vinaitana.

Ramani yake haipotezi mtu, na sauti husikika bila intaneti. Kipande kifupi kuhusu mchoro wa Paul Delaroche wa mwaka 1833, uliomo katika makumbusho ya sanaa ya National Gallery, London, ni kizuri, kwani kinasahihisha kosa la mchoraji aliyemweka Jane ndani ya chumba chenye giza, ilhali aliuawa nje.

Nimeupa nyota tatu kati ya tano. Sehemu zake huuzwa mojamoja; nunua ya Bradgate.