Kamera 8 na diski ya TB 4: uzoefu wangu na fremu 25 kwa sekunde

Mfumo ninaoutolea maoni uko kwenye duka la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Una kamera 8 za IP (za mtandao) za megapikseli 4, yaani pikseli 2560 kwa 1440, NVR (mashine ya kurekodi) ya chaneli 8 yenye matundu ya PoE nyuma yake, yanayopitisha data na umeme kwa waya mmoja, na diski moja ya TB 4 ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya CCTV. Mafundi wengi wakimaliza kufunga huziacha kamera zote kwenye fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), na mwenye duka huridhika kwa kuwa video inateleza vizuri kwenye skrini. Kwa nilivyoutumia, fremu 25 zinastahili kamera mbili tu hapa: ya kaunta na ya geti. Sita zilizobaki zinatoa ushahidi bora zaidi zikiwa kwenye fremu 10 hadi 15, na rekodi inakaa siku nyingi zaidi kabla ya kufutwa.

Kwamba fremu chache zinaweza kutoa picha bora, wengi hawaliamini, kwa hiyo nianzie hapo.

Kinachojaza diski ni biti, yaani vipande vidogo kabisa vya data. Mbps 1, yaani biti milioni moja kwa sekunde, ikirekodiwa saa 24 inachukua GB 10.8. Kamera moja ya Mbps 4 inakula GB 43.2 kwa siku, kamera 8 zinakula GB 345.6, na diski ya TB 4 inajaa kwa siku 11 na nusu hivi, kisha inaanza kufuta za zamani. Idadi ya fremu haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kamera ikiwa kwenye CBR, yaani kasi ya biti isiyobadilika, ukipandisha fremu kutoka 10 hadi 25 diski haioni tofauti yoyote. Biti zile zile zinagawanywa kwa fremu nyingi zaidi, basi. Kwa Mbps 4, kwenye fremu 10 kila fremu inapata wastani wa KB 50. Kwenye fremu 25 inabaki na KB 20. Ukisimamisha video ili umtazame mtu usoni, hapo ndipo pengo linapoonekana: ngozi imegeuka vimiraba, maandishi ya fulana yameyeyuka, na ukikuza picha hupati kitu. Mtu aliyeibiwa hatafuti video inayoteleza. Anatafuta fremu moja ambayo uso unasomeka.

VBR, yaani kasi ya biti inayobadilika, ina tabia tofauti. Kamera hutumia biti kulingana na yanayotokea mbele yake, hadi kikomo ulichokiweka. Hapo fremu nyingi zinaongeza matumizi kweli, ila hazizidishi moja kwa moja: fremu 24 hazili mara mbili ya fremu 12, kwa sababu fremu mbili zilizokaribiana kwa muda zinafanana zaidi, na kodeki, yaani mfumo wa kubana video, iwe H.264 au H.265, huhifadhi zaidi ile tofauti baina yao. Kwenye stoo isiyo na mtu ongezeko ni dogo. Kwenye uwanja wa kupakia mizigo wenye vumbi, watu na matawi ya mwembe yanayoyumba, kamera inagonga kikomo, na ikishagonga inafanya kama CBR: kila fremu inapunguziwa chakula. Mimi naweka VBR kwa zote, na kikomo nakichagua kamera moja moja.

Sasa kwenye jambo linalochanganya watu kuliko yote. Mteja analalamika kwamba bodaboda ikipita picha inaacha mkia, fundi anampandishia fremu kutoka 15 hadi 25, na mkia unabaki pale pale. Lazima ubaki. Mkia hauletwi na idadi ya fremu. Unaletwa na shata, yaani muda ambao kihisi cha kamera kinapokea mwanga kwa kila fremu. Bodaboda ya kilomita 40 kwa saa inakwenda mita 11 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/25 ya sekunde, ndani ya fremu moja imeshasogea sentimita 44, na hakuna kibao cha namba kinachosomeka hapo hata ukiweka fremu 60. Shata ya 1/250 inaupunguza mkia hadi sentimita 4.4, na 1/500 hadi 2.2. Mtu anayetembea kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, kwenye 1/25 anavutika karibu sentimita 6, ambayo ni sehemu kubwa ya upana wa uso. Kwenye 1/100 anavutika sentimita 1.4 tu, na uso unasomeka.

Shata fupi inataka mwanga. Kutoka 1/25 hadi 1/250 kihisi kinabaki na sehemu moja ya kumi ya mwanga wa awali, kamera inafidia kwa kupandisha nguvu ya kihisi, na picha inajaa chenga. Chenga hizo si ubaya wa kutazama tu. Kodeki inaziona kama vitu vinavyotembea, inazihifadhi moja moja, na biti zinapanda usiku kucha wakati hakuna hata paka anayepita. Ukiona usiku unakula diski kuliko mchana, usihangaike na fremu, ongeza taa. Taa ya LED ya wati 30 juu ya geti imenisaidia kuliko mpangilio wowote wa menyu. Kichujio cha chenga, DNR, kinasaidia pia, ila kikizidishwa anayetembea anafuatwa na kivuli chake, na uso unalainika kama umepakwa mafuta.

Kwa vibao vya namba usiku kuna faida moja. Kibao kinarudisha kwa nguvu sana mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera huumulika gizani, kwa hiyo kwenye shata ndefu kinatoka cheupe kitupu. Ukishuka hadi 1/500 au 1/1000, gari lote linakuwa giza lakini namba inasomeka. Ndiyo maana kamera ya namba iwe ya namba tu. Usiitegemee hiyo hiyo ikuonyeshe sura ya dereva usiku.

Umeme wetu, Tanzania, Kenya na Uganda, ni wa Hz 50. Kamera nyingi zina sehemu ya kuchagua 50Hz au 60Hz, na ile ya 60Hz inafungua fremu 30, kwa hiyo wapo wanaoichagua wakidhani wamepata nyongeza ya bure. Chini ya tubulaiti na LED za bei nafuu utaona mistari ya mwanga na giza ikipanda kwenye picha, kwa sababu taa hizo zinapepesa mara 100 kwa sekunde na shata ya 1/60 haiendani nazo. Weka 50Hz, na ndani ya duka tumia 1/50 au 1/100. Zile za 1/250 ziache kwa nje kwenye jua, au chini ya taa ambayo umehakikisha haipepesi.

Fremu ngapi basi? Naangalia upana wa eneo ambalo kamera inaliona na kasi ya kinachopita. Mlango ambao picha yake ina upana wa mita 2: anayetembea anakaa ndani ya picha sekunde 1.4, na fremu 10 kwa sekunde zinakupa picha 14 zake. Zinatosha, na mbili tatu kati yake atakuwa ameinua uso. Geti ambalo kamera inaona mita 6 tu za barabara: bodaboda ile ile ya kilomita 40 inavuka kwa nusu sekunde, fremu 10 zinakupa picha 5 na fremu 25 zinakupa 13. Hapo 25 ina maana. Kaunta nayo ina sababu yake: vidole vinavyohesabu noti na kufungua droo vinafanya mengi ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mchezo wa kukunja noti kiganjani ndipo unapojificha.

Mpangilio ninaoutumia sasa ni huu. Kaunta: fremu 25, shata 1/100, kikomo Mbps 4. Geti: fremu 25, shata 1/250 mchana na 1/500 usiku, Mbps 4. Uwanja wa kupakia, kamera mbili: fremu 15, Mbps 3 kila moja. Ukuta wa nyuma: fremu 12, Mbps 2. Stoo, kamera tatu: fremu 10, Mbps 1.5 kila moja. Zote H.265. Jumla ni Mbps 20.5, ambayo ni GB 221 kwa siku, na diski ya TB 4 inabeba siku 18 hata zote zikigonga kikomo saa 24. Kwa kuwa stoo hazigongi kikomo usiku, uhalisia ni siku zaidi ya hizo. Ningetaka fremu 25 kila mahali bila kuharibu ubora wa kila fremu, ningelazimika kuweka Mbps 6 hivi kwa kila kamera: GB 518 kwa siku, diski inajaa kabla ya siku 8. Upungufu wa saruji kwenye stoo mara nyingi unagunduliwa wakati wa kuhesabu mali mwisho wa mwezi. Siku 8 hazifai.

Kuna na uhai wa diski yenyewe. WD Purple na Seagate SkyHawk za kawaida zimekadiriwa kwa mzigo wa TB 180 kwa mwaka. GB 518 kwa siku ni TB 189 kwa mwaka, umeshavuka. Mpangilio wangu unafika TB 81. Kasi ya kuandika haina shida, Mbps 48 ni MB 6 tu kwa sekunde.

Ukishusha fremu usisahau sehemu iliyoandikwa I Frame Interval. Hiyo ni nafasi kati ya fremu kamili (inayohifadhi picha nzima, si tofauti tu) moja na nyingine, na kwenye kamera nyingi inahesabiwa kwa fremu, si kwa sekunde. Thamani ya 50 kwenye fremu 25 ni sekunde 2. Ukishuka hadi fremu 10 ukaiacha 50, fremu kamili inakuja kila baada ya sekunde 5: ukirudisha video nyuma inaruka ovyo, na waya ukipoteza data kidogo picha inabaki imevurugika hadi fremu kamili ijayo. Iweke mara mbili ya idadi ya fremu: 20 kwa fremu 10, 30 kwa fremu 15. Iliyowekwa chini sana nayo inakula biti bure, maana fremu kamili ndiyo nzito kuliko zote.

Fremu 50 au 60 sikuona sababu yake dukani. Kwenye kamera nyingi ukiziwasha, WDR (kazi ya kusawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza) inajizima, na mlango unaotazama jua la saa tisa alasiri bila WDR unakupa watu weusi tii wasio na sura.

NVR ina mipaka miwili ambayo watu huichanganya. Mmoja ni data inayoingia. Yangu inapokea Mbps 80, kwa hiyo kamera 8 haziisumbui. Mwingine ni uwezo wa kufungua video kwenye skrini. Ukicheza rekodi za kamera 4 kwa pamoja zinakwamakwama, na wengi wanadhani rekodi yenyewe imepoteza fremu. Usiihukumu hapo. Toa kipande cha dakika moja kwenye fleshi, kifungue kwenye programu ya VLC, bonyeza Ctrl na J usome idadi ya fremu, kisha bonyeza E upite fremu moja moja. Njia nzuri zaidi ni kushika simu yenye saa ya kupima sekunde mbele ya kamera: kwenye fremu 25 kila fremu inapaswa kuruka sekunde 0.04, kwenye fremu 10 sekunde 0.1. Fanya jaribio hilo usiku pia. Kamera ikiruhusiwa kurefusha shata hadi 1/12 gizani, ile 25 ya kwenye menyu inakuwa 12 kimyakimya, na mkia unakuwa mrefu kuliko mwanzo. Funga kikomo cha shata ndefu kwenye 1/25, au 1/50 kama taa zipo.

Kutazama kwa simu ni habari ya mkondo mdogo, yaani nakala nyepesi ya video ambayo kamera huituma sambamba na ile kuu, na hapo sibembelezi ubora. Pikseli 640 kwa 360, fremu 10, Kbps 512: saa nzima inakula MB 230. Mkondo mkuu wa Mbps 4 unakula GB 1.8 kwa saa, bando linaisha kabla hujaona lolote. Simu ni ya kujua kama kuna tatizo. Ushahidi unautoa kwenye mashine.

Anayefikiria kuongeza bajeti, asianzie kwenye fremu. Kwa kiwango cha Ulaya cha CCTV, EN 62676-4 cha mwaka 2015, kumtambua mtu usiyemjua kunahitaji pikseli 250 kwa kila mita, kwa hiyo kamera ya pikseli 2560 inatosha upana wa mita 10 tu. Uwanja wangu ni mpana kuliko kamera zake mbili zinavyoweza kufikia. Pale ni kamera ya tatu itakayosaidia, ikiwa na Mbps 3 zake, GB 32 kwa siku. NVR yangu haina tundu la tisa, kwa hiyo moja ya zile tatu za stoo itahamia uwanjani.