Breki ngumu, na fundi aliyeniambia tatizo ni goti langu

Jina la gereji silitaji, sitaki kesi. Iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, ina vijana wengi na kelele nyingi, na waliowahi kupeleka gari pale huenda wakaitambua wenyewe. Nimekuwa mteja wao kwa miaka, nikiwasifia kila mahali, mpaka msikitini. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaki kuisubiri ipoe.

Corolla langu la kizamani lilianza kuwa na breki ngumu. Sisemi breki inayozama mpaka chini, ile ambayo ukiikanyaga tu unajua kuna upepo au mafuta yanavuja. Hii yangu ilikuwa inagoma juu, kama umekanyaga tofali. Gari linasimama, ndiyo, ila mpaka unyanyuke kwenye kiti. Na ilikuwa na tabia yake: asubuhi gari likiwa baridi breki laini kabisa, unakwenda sokoni na kurudi huna habari. Injini ikishapata moto, hasa jua likiwa kali, inaanza kukaza. Anayejua barabara ya Lumumba inavyoteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni ya reli ataelewa nilichopitia. Kuna siku nilishuka pale mchana, bodaboda akanikatia mbele, nikakanyaga kwa miguu yote miwili na hendibreki nikavuta. Tulisimama. Mke wangu hakunisemesha mpaka tumefika nyumbani.

Hayo yote niliwaeleza, pamoja na hilo la baridi na moto. Fundi mkuu hakulisikiliza. Akaagiza pedi, zikafungwa, breki ngumu. Akasema basi ni masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Laki na nusu. Nikalipa, wakafunga, wakatoa upepo magurudumu yote manne, mmoja anakanyaga mwingine analegeza nati na kopo la mafuta mkononi. Ngumu vilevile.

Niliporudi kulalamika, gari lilikuwa limeshinda pale uani limepoa. Bwana mkubwa akaingia, akawasha, akakanyaga mara moja, akatoka. Akafuta mikono kwa tambara taratibu kabisa, kidole kimoja kimoja, kisha akasema mbele ya vijana wake: "Mwalimu, breki hizi nzima. Hapa tatizo ni goti. Umri nao, mwalimu, tafuta kijana awe anakuendesha." Wakacheka. Mmoja wao nilimfundisha hesabu darasa la sita, naye alicheka.

Niruhusuni nibaki hapo kwenye goti kidogo. Goti hili linanipeleka Ujiji kwa baiskeli na kunirudisha. Lakini tuseme kweli ni bovu. Goti la mzee linauma lini? Asubuhi, ukiamka. Likishatembea likapata moto, linalegea. Kwa hiyo kama tatizo lingekuwa goti, breki ingekuwa ngumu alfajiri na laini saa saba mchana. Gari langu lilikuwa linafanya kinyume chake. Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza magari alishindwa kufikiri hatua moja mbele, halafu akapata nguvu ya kunidhihaki. Laki na nusu ningeisahau. Hili silisahau.

Jirani akanielekeza kwa kijana mmoja wa Gungu anayetengenezea chini ya mwembe, hana hata bango. Shikamoo, marahaba, akauliza: "Inakuwa ngumu wakati gani, mwalimu?" Swali la kwanza hilo! Nilipomwambia ni injini ikipata moto, hakugusa spana. Akanituma nizunguke na gari kwanza mpaka lichemke vizuri, ndipo nirudi.

Nimerudi, akaniambia nizime. "Kanyaga, kanyaga, kanyaga tena mpaka ikaze. Haya, shikilia hapo hapo, sasa washa." Nikawasha. Pedeli haikusogea. Akasema kwenye gari zima, injini ikiwaka tu huku umeshikilia hivyo, pedeli lazima izame kidogo yenyewe chini ya mguu. Isipozama, achana na pedi, achana na masta silinda: busta haikusaidii. Jaribio lenyewe halihitaji kifaa chochote, na yeyote mwenye gari la petroli la zamani analiweza akiwa ameketi palepale kwenye kiti chake.

Busta ni lile duara jeusi nyuma ya masta silinda. Ndani yake kuna dayaframu, yaani utando wa mpira unaoigawa pande mbili. Injini inanyonya hewa kupitia mpira mmoja unaotoka kwenye menifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, na ukikanyaga, hewa ya nje inaingia upande wa pili na kusukuma pamoja na mguu wako. Injini isiponyonya, unabaki wewe na mguu wako tu. Ndiyo maana breki haipotei ila inakuwa ngumu. Kijana alisema dayaframu ingekuwa imechanika, mara nyingi ungeisikia inafoka ukikanyaga, na sailensi, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ingeyumba. Yangu ilikuwa kimya.

Akachomoa mpira upande wa busta, injini inaunguruma, akaniambia niweke kidole gumba. Nilitegemea kidole kivutwe. Hakuna kitu. Tukautazama mpira wenyewe, umezungushiwa selotepu nyeusi ya umeme toka mwanzo mpaka mwisho, na katikati umebonyea, kuta zimegusana. Akachukua wembe, akachana ile selotepu. Ndani kijani. Mpira wa kumwagilia bustani! Ukiwa baridi unahimili, injini ikiuchemsha unalainika, na ile nguvu ya kunyonya inaufunga.

Na si hivyo tu. Mpira halisi wa gari hili unakuja na valvu katikati, ndogo, ina mshale unaoelekea kwenye injini. Inaacha hewa ipite kwenda kwenye injini na hairuhusu irudi, ndiyo maana gari likizimika ghafla unabakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili hivi kabla breki haijakaza. Mimi hiyo akiba sikuwa nayo. Wale wanaozima injini kwenye mteremko wa stesheni ili kubana petroli wajue wanachochezea, hata kama valvu zao ni nzima.

Nilipata mpira wa mtumba wenye valvu yake, elfu kumi na tano. Kijana aliipuliza kwa mdomo huku na huku, upande mmoja ikapitisha, upande wa pili ikakataa, ndipo akafunga, mshale kwenye injini. Pedeli ikazama chini ya mguu wangu. Nimeshuka Lumumba mchana wa jua na kidole cha mguu tu.

Sasa, mpira wa bustani ulifikaje pale? Boneti yangu haijaguswa na fundi mwingine zaidi ya hao wa Mwanga. Wao ndio waliofunga injini. Nilikwenda na ule mpira mkononi, bwana mkubwa akautazama akasema, "Wakati ule ndio uliokuwa unapatikana." Bila hata pole. Kumbe alikuwa anaujua!

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota moja. Halafu nikawaza kwamba injini hiyohiyo waliyonifungia haijadondosha tone la oili, inapanda mpaka Kasulu bila kuhema, na nilipoharibikiwa njiani usiku waliwahi kunifuata bila kudai chochote. Kwa kazi ya injini sijaona wa kuwafikia hapa mjini, hilo nalisema hata nikiwa na hasira. Nyota tatu basi. Lakini mtu anayekufungia mpira wa maji kwenye breki, akauficha kwa selotepu, akakuuzia masta silinda usiyoihitaji huku anajua alichokificha, halafu akakucheka? Hapana. Narudi kwenye moja, na hiyo moja ni ya ile injini.

Kuna jambo la mwisho na ndilo lililonifanya nishike simu kuandika. Masta silinda yangu ya zamani ilikuwa nzima, tena ya gari lenyewe tangu Japani. Nilipoidai, waliangaliana. Imeshauzwa. Nimewaambia wanipe hela yake au wanitafutie nyingine ya namna ileile, na nitakuwa nakwenda pale kila Jumamosi, nakaa kwenye benchi la wateja, mpaka wanipe.